Elimu Isiyoishia Langoni

Walimwengu wana desturi ya kuwapima watu wote kwa pishi moja, na mtu asiyeijaza pishi hiyo humhesabu kuwa mtupu. Mtoto achelewaye kusema, kuhesabu au kusoma hupata jina baya kabla hajapata mwalimu. Jina hilo humfuata uwanjani, nyumbani na sokoni. Akifika umri wa ujana, umri ambao wenziwe huondoka kwenda kutafuta kazi na makao, yeye huambiwa aketi. Huketi mwaka mmoja, huketi kumi, mpaka wazazi wake wazeeke na kuanza kuulizana usiku: Sisi tukifa, mtoto wetu huyu ataishi na nani, na atakula nini?

Swali hili ni la kale kuliko shule zote, wala halichagui taifa. Katika insha hii tutatazama jinsi lilivyojibiwa na watu wa Ufaransa na Marekani kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi. Tutaona kwamba jibu jema lilipatikana mapema, likapotezwa, kisha likapatikana tena baada ya watu wengi kuumia. Mwenye kusoma historia hii atajifunza jambo moja lililo muhimu kwake pia: kumfundisha mtu kazi ni nusu ya safari, na nusu ya pili ni kuwafundisha wale watakaompokea.

Kwanza tufahamu maana ya maneno. Ulemavu wa akili si wazimu. Maradhi ya akili huweza kumpata mtu yeyote, hata mwanachuoni mkubwa, naye huweza kupona. Ulemavu wa akili huanza kabla ya utu uzima. Mwenye nao hujifunza polepole kuliko watu wengi, na mambo ya kila siku, kama vile kutumia fedha, kusafiri na kutunza nyumba, humwia magumu. Sababu zake ni nyingi. Mtoto mmoja huzaliwa nao. Mwingine hukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mwingine huugua homa ya uti wa mgongo utotoni. Na mwingine mamaye alikosa madini ya aidini alipokuwa mjamzito. Walio wengi wana ulemavu mdogo, na wachache wana ulemavu mzito. Zamani watu hawa waliitwa majuha na mapunguani, hata katika sheria na vitabu vya waganga. Majina hayo yameachwa, na ilifaa yaachwe, kwa sababu yalikuwa hukumu iliyotangulia ushahidi.

Historia yetu yaanza katika majira ya baridi ya mwaka 1800, kusini mwa Ufaransa. Mtoto wa kiume, ambaye umri wake ulikisiwa kuwa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, alitoka katika misitu ya wilaya ya Aveyron akiwa peke yake, hana neno la lugha yoyote. Alipelekwa Paris. Huko Philippe Pinel, daktari aliyekuwa na sifa kubwa kuliko wote katika mambo ya akili, alimchungua akasema kuwa hafundishiki. Lakini daktari kijana wa shule ya viziwi, Jean Itard, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, hakuikubali hukumu hiyo. Alimpa mtoto jina la Victor, akamfundisha kwa muda wa miaka mitano.

Victor hakujua kusema mpaka mwisho. Alijifunza kutambua maneno machache yaliyoandikwa, kutandika meza na kupasua kuni. Itard, aliyekuwa ametumaini kusikia lugha, alijiona ameshindwa. Hata hivyo, katika taarifa yake mwenyewe aliandika habari moja iliyo kubwa kuliko alivyodhani. Mama Guérin, aliyekuwa akimlea Victor, alifiwa na mumewe. Siku hiyo Victor alitandika meza kama kawaida, akaweka na sahani ya marehemu. Alipomwona mama akilia aliiondoa ile sahani taratibu, wala hakuiweka tena. Je, mtu afanyaye hivyo hana akili? Wataalamu wa leo hawakubaliani kama Victor alizaliwa na ulemavu au alidumazwa na upweke wa msitu. Lakini wote wakubaliana kwamba Itard alifungua mlango. Kabla yake watu waliuliza, Mtoto huyu ana kasoro gani? Itard aliuliza, Nimfundishe kwa njia gani?

Mwanafunzi wa Itard, Édouard Séguin, aliyezaliwa mwaka 1812, aliuingia mlango huo. Séguin aliona kwamba kumwanzisha mtoto wa namna hii kwa kitabu ni kujenga dari kabla ya ukuta. Yeye alianza kwa mkono. Alimfundisha mwanafunzi kupanda ngazi, kushika jembe, kusukuma toroli, kufunga vifungo vya nguo na kutenganisha maumbo ya mbao kwa kuyapapasa. Kutoka kwa misuli alikwenda kwa macho na masikio, na kutoka huko kwa mawazo. Juu ya yote alitaka kuamsha utashi, yaani mtu apende kufanya jambo kwa kutaka kwake, si kwa kusukumwa. Kitabu chake kikubwa kilitoka Paris mwaka 1846. Miaka sitini baadaye Maria Montessori alivichukua vifaa vya Itard na Séguin, akavitengeneza kwa ajili ya watoto wote. Basi mtoto wa shule ya chekechea ya Montessori, hata akiwa hapa Nairobi, huchezea maumbo yaliyobuniwa kwanza kwa ajili ya wale walioambiwa kuwa hawafundishiki.

Habari za Séguin zilivuka bahari, na baadaye yeye mwenyewe alihamia Marekani. Katika jimbo la Massachusetts alikuwako Samuel Gridley Howe, mkuu wa shule ya vipofu ya Boston. Mwaka 1846 bunge la jimbo lilimtaka achunguze hali ya watu wenye ulemavu wa akili. Aliwaona katika nyumba za maskini, katika jela na katika vyumba vya giza vya jamaa zao. Bunge lilikubali kutoa dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ili watoto kumi wafundishwe kwa majaribio. Shule ikafunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1848. Wanafunzi wasiojua kula wenyewe walijifunza kula; wasiotembea vizuri walitembea; na baadhi yao walijifunza kusoma na kufanya kazi ndogo ndogo.

Nia ya Howe ilikuwa wazi. Shule iwe shule: mwanafunzi aingie, ajifunze, kisha arudi kwao akawe na manufaa kwa nafsi yake na kwa jamaa zake. Mwaka 1866, alipoalikwa katika mji wa Batavia kwenye jimbo la New York kuhutubia katika uwekaji wa jiwe la msingi la jengo jipya la vipofu, aliwashangaza wenyeji wake. Badala ya kuyasifu majengo makubwa aliyaonya. Alisema kuwa watu wenye ulemavu wa namna moja wasikusanywe pamoja na kutengwa na wengine, bali watawanywe miongoni mwa watu wa kawaida kadiri iwezekanavyo. Ndiye aliyeanzisha shule hizo, naye ndiye wa kwanza kuziogopa.

Alikuwa na haki ya kuogopa, maana lango lilianza kufungwa polepole, bila tangazo. Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kazi. Vijana walitoka shuleni na ujuzi wao, wakafika mijini wakati kazi zilipokuwa chache hata kwa watu wazima wenye nguvu, hasa baada ya mtikisiko wa biashara wa mwaka 1873. Hakuna aliyekuwa amewatayarisha matajiri wa viwanda kuwapokea. Sababu ya pili ni jamaa. Wengine hawakuwa na wazazi, na wengine wazazi wao walikuwa mafukara. Sababu ya tatu ni mbaya kuliko hizo mbili. Shule zilikuwa zimekuwa makao makubwa yenye mashamba, mabanda ya ng'ombe, majiko na vyumba vya kufulia nguo. Nani atamkama ng'ombe? Nani atafua mashuka ya watu mia tano? Aliyejifunza kazi vizuri ndiye aliyefaa kuachiliwa. Lakini huyo huyo ndiye makao yaliyemhitaji. Kwa hiyo bidii yake iligeuka kuwa kufuli yake. Alifanya kazi miaka mingi bila mshahara, akaitwa mgonjwa siku zote.

Kisha ikaja elimu ya uongo, nayo ikatia kufuli la pili. Mwanzoni mwa karne ya ishirini walitokea wataalamu waliodai kwamba kizazi cha binadamu chaweza kuboreshwa kama mfugaji aboreshavyo kundi lake, kwa kuwazuia wasiotakikana wasizae. Walisema ulemavu wa akili ndio chanzo cha ufukara, ulevi na uhalifu. Mwaka 1927 shauri la msichana mmoja wa jimbo la Virginia, Carrie Buck, lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Carrie alikuwa amepata mimba kwa kudhulumiwa, kisha akafungiwa katika makao ya serikali kwa madai kuwa hana akili timamu. Majaji wanane kati ya tisa waliamua kwamba serikali ina haki ya kumfunga kizazi bila hiari yake. Ikafanywa hivyo. Baadaye alitolewa, akaolewa, akafanya kazi za nyumbani na kuwatunza watu wengine, akaishi mpaka mwaka 1983. Maisha yake yote yalikanusha hukumu ile. Watu zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi kwa sheria za namna hiyo katika Marekani.

Hata hivyo, katika giza hilo walikuwako watu walioona mwanga, na mmoja wao aliuona bila kuutafuta. Walter Fernald alikuwa mkuu wa shule ile ile iliyoanzishwa na Howe. Mwaka 1912 alihutubia akiwataja wenye ulemavu wa akili kuwa tabaka la hatari. Kisha akafuatilia habari za wale waliotoka katika makao yake kwa muda wa miaka ishirini na mitano, wengi wao wakiwa wameondoka kinyume cha shauri lake. Alitegemea kusikia misiba. Matokeo yake, aliyoyatangaza mwaka 1919, yalimshtua mwenyewe: wengi walikuwa wakiishi kwa amani, na baadhi yao walikuwa na kazi na ujira. Fernald alibadili maneno yake hadharani. Tumheshimu kwa hilo, kwani si wengi wakubalio kusahihishwa na ukweli baada ya kupata sifa kwa kosa.

Mwingine alikuwa Charles Bernstein, mkuu wa makao ya mji wa Rome katika jimbo la New York. Mwaka 1906 alichukua shamba nje ya makao, akawapeleka vijana wachache kuishi na kulima huko. Mwaka 1914 alifungua nyumba mjini kwa ajili ya wasichana, ambao walitoka asubuhi kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa ujira na kurudi jioni. Nyumba za namna hiyo ziliongezeka, na wengi walipita humo kwenda kujitegemea. Bernstein alielewa jambo ambalo wenziwe hawakulielewa: mtu hajifunzi kuishi mjini akiwa ndani ya ukuta, kama vile mtu hajifunzi kuogelea akiwa juu ya kitanda.

Lakini mifano miwili haikuweza kuuzuia mto. Idadi ya watu waliofungiwa iliendelea kukua mpaka ikafika kiasi cha 195,000 mwaka 1967. Katika makao ya Willowbrook, mjini New York, mahali palipojengwa kwa ajili ya watu 4,000 palikuwa na watu kama 6,000 mwaka 1965. Mwaka 1972 mwandishi wa habari wa televisheni aliingia na kamera, na taifa likaona kwa macho watu wazima na watoto wakiwa uchi, sakafuni, katika uchafu, bila fundisho lolote. Jumba lililokuwa na asili ya neno shule lilikuwa limefika hapo. Willowbrook ilifungwa mwaka 1987.

Nguvu iliyofungua lango tena haikutoka kwa madaktari kwanza. Ilitoka kwa wazazi. Mwaka 1950 wazazi kutoka majimbo mbalimbali walikutana katika mji wa Minneapolis wakaunda chama cha taifa. Walikuwa wameambiwa wawasahau watoto wao, nao wakakataa. Huko Denmark, Niels Erik Bank-Mikkelsen alisimamia sheria ya mwaka 1959 iliyotaka watu wenye ulemavu wa akili waishi maisha yaliyo karibu na ya kawaida kadiri iwezekanavyo. Katika mwaka 1969 Bengt Nirje wa Uswidi aliyaeleza maisha ya kawaida kwa maneno ambayo kila mtu angeyafahamu: kuamka asubuhi na kuvaa, kuishi mahali pamoja na kufanya kazi mahali pengine, kupata siku za mapumziko, kuchagua, kupenda na kuheshimiwa. Mambo haya ni madogo kwa aliye nayo. Kwa asiye nayo ni uhuru wote.

Bado walikuwako wenye shaka. Waliuliza: Ni haki gani ya kazi kwa mtu asiyeweza kazi? Jibu zuri kuliko yote lilitoka kwa mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Gold. Alichukua breki ya baiskeli, ile ya gurudumu la nyuma, yenye vipande 24. Msomaji aliyewahi kuifungua breki ya namna hiyo ajua jinsi inavyomsumbua hata fundi. Gold aliwaendea watu 64 wenye ulemavu wa kadiri na ulemavu mzito, katika karakana nne za walemavu, ambako walizoea kupewa kazi nyepesi kabisa. Aliigawanya kazi katika hatua ndogo ndogo. Kwa baadhi yao alitia rangi upande mmoja wa kila kipande, ili mfanyakazi ajue upande wa kumwelekea. Hakuwahutubia wala hakuwasifu ovyo. Mtu alipokosea alimwambia kwa upole ajaribu njia nyingine.

Walijifunza. Waliiunga breki ya vipande 15, kisha ile ya vipande 24. Gold alitangaza matokeo hayo mwaka 1972, na msemo wake wa kujaribu njia nyingine ukawa jina la mafundisho yake yote. Maana yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa aliwaambia walimu kwamba msemo huo unawahusu wao kwanza. Mwanafunzi akishindwa, mwalimu asiseme kuwa mwanafunzi hafundishiki; aseme kuwa yeye bado hajaipata njia. Haba na haba hujaza kibaba, bali sharti aweko mtu wa kuipima haba inayoufaa mkono wa mwingine.

Likabaki tatizo la lango. Karakana za walemavu zilisema kuwa zinawatayarisha vijana kwa kazi ya nje, lakini matayarisho hayakwisha. Kijana alifungasha kalamu au kukunja makaratasi miaka kumi, huku akiambiwa kuwa bado. Tena sheria ya mwaka 1938 iliruhusu alipwe chini ya ujira wa chini wa taifa. Na ingawa baadhi ya majimbo yameikataza desturi hiyo katika miaka ya karibuni, ilidumu muda mrefu mno. Katika mwisho wa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, Paul Wehman na wenziwe katika chuo kikuu kimoja cha Richmond waliugeuza mpango juu chini. Walisema: Tusimfundishe kwanza ndipo tumtafutie kazi, tumtafutie kazi kwanza, ya kweli na yenye ujira wa kweli, kisha tumfundishe pale pale. Mwalimu aliandamana na mfanyakazi hotelini, jikoni au ghalani. Alimwonyesha hatua kwa hatua, akawafundisha na wafanyakazi wengine namna ya kushirikiana naye, kisha akajitoa polepole kama mzazi aachiaye mkono wa mtoto anayejifunza kutembea. Mwaka 1986 njia hiyo iliandikwa katika sheria ya Marekani. Na Richmond, msomaji, ni mji mkuu wa Virginia, jimbo lile lile lililomfunga Carrie Buck.

Kazi peke yake haitoshi. Mwenye mshahara asiyejua kuutumia ni mawindo ya wajanja. Kwa hiyo sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 1990 ilitaka shule zianze kumtayarisha kijana kwa maisha ya baada ya shule asipopita umri wa miaka kumi na sita, na yeye mwenyewe aulizwe anataka nini. Hujifunza kupanda basi la kweli katika barabara ya kweli. Kununua unga na kuhesabu chenji. Kupika, kufua, kumeza dawa kwa saa yake. Kujua ni nani wa kumfungulia mlango na nani wa kumfungia. Kusema hapana kwa anayemdhulumu. Mambo hayo hayafundishiki ubaoni. Aliyejifunza kuhesabu sarafu za karatasi darasani huweza kupotea mbele ya muuza duka mwenye haraka, kwa sababu wengi wenye ulemavu huu huona ugumu kuhamisha ujuzi kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Ndiyo maana mahali pa kuishi ndipo shule ya kuishi. Wala kujitegemea si kufanya kila kitu peke yako. Nani kati yetu aoka mkate wake, ashona viatu vyake na kujitibu mwenyewe? Kujitegemea ni kuwa na amri juu ya siku zako, na kumchagua anayekusaidia.

Njia hizo mbili, ya kazi na ya maisha, zilikutana mwaka 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati. Muuguzi Erin Riehle alikuwa akitafuta watu wa kujaza vifaa katika makabati ya idara ya dharura, kazi iliyotaka uangalifu, nayo ilikuwa ikiachwa mara kwa mara. Mpango ulioanzia hapo, uitwao Project SEARCH, huwapeleka vijana katika mahali pa kazi kwa mwaka mzima wa mwisho wa shule. Kila siku huenda kazini kama wafanyakazi wengine, na katika mwaka huo hujaribu kazi za namna tatu mbalimbali. Mpango huo umeenea katika nchi kadha, Uingereza ikiwa mojawapo. Siri yake si kubwa: chumba cha darasa kimo ndani ya hospitali, wala halipo lango la kufungwa kati ya kujifunza na kutenda.

Wenyewe walio na ulemavu nao hawakunyamaza. Katika jimbo la Oregon, mwaka 1974, waliunda chama chao wakakipa jina lenye maana ya Watu Kwanza. Na mwaka 1999 Mahakama Kuu, ile iliyokosea mwaka 1927, ilisikiliza shauri la wanawake wawili wa jimbo la Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, waliokuwa wakishikiliwa hospitalini ijapokuwa madaktari wao walisema wanaweza kuishi nje. Mahakama iliamua kwamba kumfungia mtu bila haja ni kumbagua. Lois Curtis alitoka akawa mchoraji, na mwaka 2011 alimkabidhi Rais Barack Obama mojawapo ya picha zake.

Fundisho hili limefika kwetu pia. Mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, kamati iliyoongozwa na Ronald Ngala ilichunguza matunzo na urekebishaji wa walemavu wa Kenya. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaja haki ya kuishi katika jamii na haki ya kufanya kazi. Kenya iliuridhia mwaka 2008. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema kuwa mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Maneno hayo ni mema. Lakini historia tuliyoisoma yatuonya kuwa maneno mema hata Howe alikuwa nayo, na lango lilifungwa. Sheria huweza kulifungua; haiwezi kumkaribisha mtu anayetoka.

Hiyo ni kazi ya nani? Baadhi yenu, wasomaji, mtakuwa walimu, na mtakutana na mwanafunzi aliyepewa jina kabla ya fundisho. Wengine mtakuwa wenye maduka, wasimamizi wa mashamba na wakuu wa idara, na siku moja mzazi mzee atabisha hodi akiwa na kijana wake aliyejifunza kazi. Wengine mtakuwa wafanyakazi wa kawaida, na kijana huyo atawekwa kando yenu. Itard, Séguin na Gold walitimiza nusu yao ya safari: walithibitisha kwamba anaweza kujifunza. Nusu iliyobaki haiko mikononi mwa kijana huyo wala mwa mwalimu wake. Iko kwa yule aliye ndani, asikiaye hodi.